Kinga za Nyangezi: kutoka Raleigh hadi VTT, na zile zilizobaki nyuma

Kila familia iliyokimbia Nyangezi inabeba kichwani orodha ya vitu vilivyobaki nyuma: mbuzi, mabati, mbegu za maharage, vyeti vya shule, picha za harusi. Mara nyingi kwenye orodha hiyo kuna kinga. Haitajwi ya kwanza, lakini ikishatajwa mazungumzo hubadilika. Baba anaeleza rangi yake. Kijana anaeleza ile aliyoitamani miaka yote bila kuipata. Mzee anakumbuka jina lililokuwa limeandikwa kwenye chuma chake, kama mtu anayekumbuka jina la ng'ombe.

Kwa wasomaji walio mbali: kinga katika Kiswahili cha Kongo ni baiskeli. Ng'ambo ya Ruzizi, Warundi husema ikinga. Kwa hiyo hata waliovuka mto na kufika Rugombo au Musenyi walilikuta neno lao limewatangulia huko.

Historia ya kinga katika milima yetu haijaandikwa sana. Hata hivyo, ni historia ya barabara, ya biashara, ya ukoloni na ya vita, na ndani yake kuna sehemu ambazo hatuna budi kuzisema hata kama zinaumiza.

Barabara inayopanda na kushuka

Nyangezi iko kilomita zipatazo 30 kusini mwa Bukavu, katika usultani wa Ngweshe, eneo la Walungu. Barabara ya taifa namba 5 inapita hapo, kisha inaingia kwenye miteremko ya Ngomo na kushuka hadi Kamanyola, ambako bonde la Ruzizi linaanza. Kutoka hapo ni tambarare: Luvungi, Sange, mpaka Uvira.

Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa Nyangezi waliitamani kinga ya milimani, angalia maji. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko mita 773. Mto Ruzizi unateremka karibu mita 690 kati ya maziwa hayo mawili, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko upande wa juu, huku kwetu. Mto unashuka bila kuchoka. Mwendesha kinga anayetoka Kamanyola na gunia la mchele anapanda kilele ambacho maji yameshuka.

Ndiyo maana kinga haikuwa na maisha sawa kila mahali. Bondeni, kati ya Kamanyola na Uvira, ilikuwa chombo cha kila siku: kubeba mihogo, samaki, bidoni za mafuta na abiria. Mjini Bukavu, kwenye makosti na mitaa ya milimani, ilikuwa chache. Nyangezi iko katikati ya hayo mawili. Watu wake walisukuma kinga wakati wa kupanda, wakaipanda wakati wa kushuka, na kila Jumapili walizungumza juu ya kinga bora zaidi ambayo ingewaondolea kusukuma.

Mpira ulianzia kwetu

Kabla kinga haijafika Kongo kama bidhaa, Kongo ilikuwa imeshailipia. Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop alipata hati ya uvumbuzi wa mpira wa gurudumu unaojazwa upepo. Miaka michache baadaye Ulaya na Marekani zilishikwa na homa ya baiskeli. Kila baiskeli ilihitaji mipira miwili, na mpira ulitoka kwenye utomvu wa miti na mitambaazi ya misitu ya joto.

Wakati huo Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kuanzia mwaka 1885 hadi 1908. Katika misitu ya Ekwateri na kwingineko, watu walilazimishwa kuleta mpira kwa kiasi kilichopangwa. Walioshindwa walipigwa, wake zao walifungwa kama rehani, vijiji vilichomwa, na mikono ilikatwa. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ilitangazwa mwaka 1904, na kampeni ya E. D. Morel ilisaidia kuufikisha mfumo huo mwisho. Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ilichukua nchi kutoka kwa mfalme wake.

Hapa milimani hapakuwa na mpira mwingi wa porini, kwa hiyo Kivu ilipata mateso ya namna nyingine, hasa baadaye, kwa mashamba ya walowezi na kazi za lazima za barabara. Lakini ni vizuri mtoto anayeziba tundu la mpira wa kinga ajue kwamba kile anachokishika mkononi kilikuwa na bei, na babu zetu wa misituni ndio waliolipa.

Chuma cheusi cha baba

Kinga ya kwanza ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wanaikumbuka kwa jina ni Raleigh ya Nottingham, Uingereza. Kampuni hiyo ilianza katika miaka ya 1880, na kinga zake nyeusi zikaenea katika makoloni yote ya Waingereza na kuvuka mipaka yake. Zilikuwa na magurudumu makubwa ya inchi 28, breki za vyuma virefu badala ya waya, kiti cha ngozi chenye springi, na chuma cha nyuma ambacho kingeweza kumbeba mke, mtoto na debe la mafuta kwa safari moja.

Kwenye Kongo ya Wabelgiji, kinga ilikuwa alama ya mtu aliyefika. Katekista, mwalimu, karani na muuguzi walikuwa nayo, au walikuwa wanaweka akiba wapate kuwa nayo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa ya uraia kwa Waafrika waliohesabiwa kuwa wameendelea, na katika nyumba za watu kama hao ungekuta vitu vitatu: redio, cherehani na kinga. Mkulima wa pamba wa bonde la Ruzizi na mfanyakazi wa mashamba ya kwinini na chai kwenye milima waliviona vitu hivyo na kuvitamani.

Uzuri wa kinga ile ulikuwa uvumilivu wake. Haikuwa na kitu kilichofichika. Breki ikilegea, fundi aliikunja kwa nyundo. Mnyororo ukikatika, alitoa kipande kimoja na kuuunganisha. Pedali ikivunjika, alichonga ya mti. Kinga moja ilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na ikifika kwa mjukuu ilikuwa imebaki fremu tu ya ile ya kwanza. Bado iliitwa kinga ya babu.

Zaïre, na kinga za Mashariki

Nchi ilibadilishwa jina kuwa Zaïre mwezi Oktoba 1971. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaïre. Maduka ya Wahindi, Wagiriki na Wabelgiji yaliyokuwa yakiagiza vyuma na vipuri yakabadilisha mikono kwa siku chache. Wengi waliopewa hawakuwa na mtaji wala njia za kuagiza mali. Rafu zikaisha, na bidhaa ndogo za kawaida zikawa za kutafutwa.

Pengo hilo lilijazwa polepole na kinga za Asia. Kutoka Shanghai ilikuja Phoenix, ile yenye picha ya ndege. Kutoka Ludhiana, India, ilikuja Hero, ya kampuni iliyoanza kutengeneza baiskeli mwaka 1956 na ambayo katika miaka ya 1980 ilihesabiwa kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani. Kwa umbo, kinga hizo zilikuwa wajukuu wa Raleigh: nyeusi, nzito, breki za chuma. Vipuri vyake viliingia kupitia Dar es Salaam, Kigoma na Bujumbura, kwa mizigo ya wafanyabiashara wadogo. Kijana aliyezaliwa katika miaka ya 1970 akisema kinga nzuri, mara nyingi anamaanisha Phoenix.

Ilipofika miaka ya 1990, pesa ya Zaïre ikaporomoka, na miji mikubwa ya nchi ikaporwa Septemba 1991 na tena Januari 1993. Magari yalipungua barabarani, na barabara zenyewe ziliharibika. Hapo kinga iligeuka kuwa lori la maskini. Bidoni za kasiksi, mikungu ya ndizi, makala, mbao, hata wagonjwa wa kwenda hospitali, vyote vilipita juu ya magurudumu mawili.

VTT: ndoto yenye vitesi

Ndipo ikaja kinga ya namna nyingine. Fremu fupi na nene, magurudumu ya inchi 26 yenye meno, usukani ulionyooka, na vitesi. Kwa Kifaransa inaitwa vélo tout terrain, kwa kifupi VTT. Ilifika kama mtumba kutoka Ulaya, kama kinga mpya ya bei nafuu kutoka China, na kama chombo cha kazi walichopewa wahudumu wa afya wa vijijini na wafanyakazi wa mashirika.

Asili yake iko mbali. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa Marin, kaskazini mwa San Francisco, Marekani, walichukua baiskeli nzito za kizamani na kushindana kushuka kwenye njia ya vumbi ya mlimani. Breki ilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma. Kila mara waliposhuka, grisi ilichemka na kuungua, ikabidi kuijaza upya, na kwa sababu hiyo njia ile ikaitwa Repack. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu mpya kwa ajili ya mchezo huo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza kinga hizo, kwa fremu zilizoundwa na Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, na mwaka 1996 mchezo huo uliingia kwenye Olimpiki ya Atlanta.

Mtu yeyote aliyeshuka Ngomo akiwa na mzigo, huku akikanyaga gurudumu kwa soli ya kandambili kwa sababu breki zimekwisha, anaielewa hadithi ya Repack bila kufafanuliwa. Tofauti ni kwamba wale walishuka kwa mchezo na kurudishwa juu kwa gari.

Kwa nini vitesi vilitamanika kiasi hicho? Hesabu ni rahisi. Phoenix ya kawaida yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Kwenye tambarare ya Luvungi hiyo ni raha. Kwenye mlima wenye gunia, ni kusimama na kushuka. VTT yenye meno 28 mbele na 28 nyuma husogea mita 2 hivi kwa mzunguko mmoja. Mwendo ni mdogo, lakini mguu unaweza kuubeba. Kwa kijana wa Nyangezi hiyo ilimaanisha kurudi nyumbani akiwa amekaa kwenye kiti.

Ndoto hiyo ilikutana na barabara yetu. Mnyororo wa vitesi ni mwembamba, na matope ya Novemba huula. Kile chuma kidogo kinachoruka kutoka jino hadi jino kikigonga jiwe kimekwisha, na kipuri chake hakikupatikana sokoni Munya. VTT nyingi za bei nafuu hazikuwa na mahali pa kubebea mzigo. Kwa hiyo mafundi walifanya walichokijua. Waliondoa vitesi, wakaacha jino moja mbele na moja nyuma. Waliunganisha chuma cha kubebea mizigo kwa fito za ujenzi. Waliweka springi ya Phoenix chini ya kiti. Baada ya mwaka mmoja, VTT iliyotoka mbali ilikuwa imegeuka kinga ya Nyangezi, na mwenyewe aliipenda zaidi kwa sababu hiyo.

Kinga ya mti na kinga ya kahawa

Ukanda wetu haukungoja tu vya kuletwa. Goma ina tshukudu, kinga ya mti isiyo na pedali, inayobeba mamia ya kilo kwenye mawe ya volkano. Mji ule uliiheshimu kwa sanamu yake katika mzunguko wa barabara. Huko Nyangezi tshukudu haikuenea sana, lakini watoto wa milima yote ya Kivu wamewahi kuchonga gurudumu la mti na kuteremka nalo mpaka magoti yakachubuka.

Ni kinga za mti kama hizo zilizomshangaza Tom Ritchey, yule yule mtengenezaji wa fremu wa California, alipotembelea Rwanda mwaka 2005. Alirudi na mchoro wa kinga ndefu yenye vitesi kwa ajili ya wakulima wa kahawa, waweze kufikisha kahawa kwenye mashine ya kuoshea kabla haijaharibika. Mwaka 2006 yalifanyika mashindano yaliyokutanisha waendesha kinga za mti na za chuma, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa timu ya taifa ya Rwanda. Mmoja wa wachezaji wake, Adrien Niyonshuti, alishindana katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, akamaliza nafasi ya 39.

Siasa za pande mbili za Ruzizi tunazijua na zinatuumiza. Milima, hata hivyo, ni ile ile, na miguu ya wakulima ni ile ile. Kijana wa Walungu anayepanda na ndizi kila siku ya soko hana mapafu madogo kuliko ya bingwa.

Mgongo wa mama

Katika hadithi zote hizi za kinga, anayezungumza ni mwanaume. Kuna sababu. Kinga ilinunuliwa kwa jina la baba, iliendeshwa na baba au kijana wa kiume, na msichana aliyeipanda alichekwa. Wakati huohuo, kwenye barabara ile ile, mama wa Kishi alipita akiwa ameinama, mzigo mgongoni, kamba ikiwa imemkaza paji la uso. Kilo 50 au zaidi za makala au mihogo zilipita hivyo kwenda Bukavu, kwa malipo madogo.

Kwa hiyo kumbukumbu tamu ya Raleigh ya baba isitufanye tusahau swali ambalo mabinti wa leo wanauliza: kinga ilikuwa imelala ukutani, mama alikuwa anabeba nini? Pale ambapo wahudumu wa afya wanawake walipewa VTT, watu walizoea haraka kuwaona juu yake. Mila haikuanguka. Mgonjwa alifikiwa mapema zaidi, basi.

Vita na magurudumu mawili

Pikipiki za Kichina na za Kihindi zilipojaa baada ya mwaka 2003, wengi walidhani kinga imekwisha. Kijana aliyetamani VTT akaanza kutamani pikipiki ya kubebea abiria. Mafundi wengine wa kinga wakageuka mafundi wa pikipiki. Lakini pikipiki hunywa mafuta, na mafuta yakipanda bei au barabara ikifungwa, kinga hutolewa tena nyuma ya nyumba.

Vita imeifanya hivyo mara nyingi. Oktoba 1996, vita ilipofika Bukavu na kambi za wakimbizi zilipovunjwa, watu walikimbia na magodoro juu ya kinga. Ikawa hivyo Agosti 1998, na tena Juni 2004, Bukavu ilipotekwa. Februari 2025 mji uliingiwa na wapiganaji wa M23, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, wengine kwa kupita ndani ya maji ya Ruzizi. Kinga haivuki mto kirahisi. Nyingi ziliachwa ukingoni, ziliuzwa kwa bei ya kilo chache za unga, au zilichukuliwa kwenye vizuizi na watu wenye silaha ambao mwenye mali hakuweza kuwauliza jina.

Anayekimbia na kinga anakuwa na uchaguzi ambao hakuna aliyeuomba: kumpakia mama mzee au gunia la chakula. Familia nyingi zimewahi kuuamua. Ndiyo maana mtu akiomboleza kinga yake asichekwe kwamba analilia chuma. Analilia chombo kilichowatoa watu wake, au kilichoshindwa kuwatoa.

Kuandika kabla ya kusahau

Kuna mambo machache ambayo familia zinaweza kufanya, popote zilipo. La kwanza ni kuwauliza wazee sasa: ilikuwa Raleigh, Hero, Phoenix au VTT? Ilinunuliwa wapi, kwa mavuno ya nini? Nani alikuwa fundi wake? Majibu hayo yakiandikwa kwenye daftari la shule, tayari ni historia ya kijiji.

La pili ni la faida ya kesho. Kinga nyingi zina namba iliyogongwa kwenye chuma, chini ya mahali pedali zinapokutana au karibu na kiti. Mwenye kinga bado aiandike namba hiyo na kuiweka pamoja na kadi zake. Aliyepoteza, anapoorodhesha mali iliyopotea mbele ya kamati ya wakimbizi wa ndani au ya kijiji, asione haya kuitaja kinga pamoja na ng'ombe na mabati. Kwa nyumba nyingi za Nyangezi ilikuwa mali ya thamani.

La tatu ni kwa mafundi waliobaki. Vijana wanaojua pikipiki tu hawajui kunyoosha gurudumu kwa macho, wala kukaza vijiti vyake kimoja kimoja mpaka liache kuyumba. Ujuzi huo hauhitaji umeme wala mafuta, na siku ambayo watu watarudi kwa wingi, kabla ya lori la kwanza kupita Ngomo, utahitajika. Wanaoufahamu wauachie mtu.